Karatasi za AKC kabla hujalipia mtoto wa mbwa

Umeuliza kama "ana karatasi za AKC" (American Kennel Club, chama kinachosajili mbwa Marekani) inatosha kununua mtoto wa German Shepherd huko Marekani. Haitoshi. Mfugaji husajili kwanza uzao mzima, yaani watoto wote waliozaliwa pamoja, kisha hukupa fomu ya huyo mtoto ukamilishe usajili kwa jina lako. Akisema fomu itafuata, mwambie akuandikie na kusaini: aina ya mbwa, jinsia, rangi, tarehe ya kuzaliwa, majina na namba za usajili za baba na mama.

Tazama vizuri aina ya usajili. Ukiwa ni wenye mipaka, watoto atakaozaa hawasajiliwi, na wa kuubadilisha ni mfugaji, si wewe.

Na tafadhali, usajili si cheti cha afya! Dai majibu ya vipimo vya nyonga na viwiko vya wazazi kutoka OFA, shirika la Marekani linalopima ubora wa mifupa na viungo vya mbwa. Majibu ya kudumu hutolewa mbwa akishafikisha miezi 24.