Usikimbilie deksa: wiki ya pili ya korona ndiyo ya kuchunga

Homa imepanda na kushuka siku nne, mwili mzima unauma, halafu siku ya tano mgonjwa anakula uji na kucheka. Siku ya nane pumzi inaanza kukatika. Watu wa nyumbani hudhani virusi vimerudi na nguvu mpya, lakini mara nyingi vimeshaanza kupungua. Kinachoumiza mapafu sasa ni kinga ya mwili wake mwenyewe.

Kirusi kikiingia kwenye seli za njia ya hewa, seli hizo hutoa intaferoni, yaani kengele ya kuziamsha seli jirani. Kirusi cha UVIKO-19 kina protini za kuinyamazisha. Ikichelewa kulia, virusi huzaliana kwa siku kadhaa, na kinga inaposhtuka huja kwa kishindo. Makrofaji, seli za kinga zinazomeza wavamizi, humwaga saitokini, kemikali za kuchochea uvimbe, mishipa midogo inayozunguka vifuko vya hewa huvuja, na vifuko hujaa majimaji. Nyutrofili, aina ya seli nyeupe za damu, huingia na kumwaga vimeng'enya visivyochagua kirusi na tishu, na damu huganda kwenye mishipa midogo. Mgonjwa anavuta hewa, ila oksijeni haivuki kwenda kwenye damu.

Wapo ambao kengele yao ilishaharibiwa kabla hawajaugua. Mwaka 2020, kundi la mtafiti wa kinga Jean-Laurent Casanova lilipima wagonjwa 987 waliokuwa mahututi kwa nimonia ya korona, na 101 kati yao walikuwa na kingamwili zinazoshambulia intaferoni zao wenyewe. Kati ya hao 101, wanaume walikuwa 95.

Sasa deksamethasoni, au deksa. Hii ni dawa ya kundi la steroidi: haiui kirusi, inatuliza kinga. Ndiyo maana saa ya kuitumia ni muhimu kuliko dawa yenyewe. Katika jaribio la RECOVERY la Uingereza, wagonjwa waliolazwa walipewa miligramu 6 mara moja kwa siku, kwa siku zisizozidi 10. Kwa waliokuwa kwenye mashine ya kupumulia, vifo vilishuka kutoka asilimia 41.4 hadi 29.3. Waliokuwa wakipewa oksijeni tu, kutoka 26.2 hadi 23.3. Waliokuwa hawahitaji oksijeni hawakufaidika: waliopewa deksa walikufa asilimia 17.8, wasiopewa 14.0. Tofauti hiyo ya mwisho haikutosha kuthibitisha kwamba dawa iliwadhuru, lakini hakuna daktari makini atakayeiandika siku ya pili ya homa kwa mtu anayepumua vizuri. Kuimeza wakati huo ni kumfunga mikono askari wakati mwizi ndiyo kwanza anaruka ukuta.

Ina madhara mengine pia. Hupandisha sukari, hata kwa asiyejua kwamba ana kisukari. Kuna mnyoo anaitwa strongiloidi, anayeingia kupitia ngozi ya anayetembea peku na kuweza kukaa tumboni miaka mingi bila dalili. Steroidi ikishusha kinga, mnyoo huyo husambaa mwilini na kuua. Mwambie daktari kama umeishi au kulima kwenye udongo wenye unyevu bila viatu, maana ivamektini, dawa ya minyoo, inaweza kuhitajika. Wala usihamishe hesabu ya korona kwenye magonjwa mengine: kwenye nimonia ya influenza (homa ya mafua) steroidi zimehusishwa na vifo zaidi, na kwa mtoto mchanga mwenye bronkiolaiti, uvimbe wa njia ndogo za hewa, hazisaidii.

Kwa hiyo nyumbani, kazi ni kupima asilimia ya oksijeni kwenye damu kwa oksimita, kipimo kidogo cha kubana kidoleni. Anza mapema, na ongeza umakini kuanzia siku ya tano. Futa rangi ya kucha. Kidole chenye piko kiache, tafuta kingine. Mgonjwa akae ametulia dakika tano, vidole viwe na joto, kisha subiri namba itulie, usiandike ile ya kwanza inayorukaruka. Asubuhi na jioni inatosha kwa asiye na dalili mpya. Kwenye ngozi nyeusi vipimo vya kidoleni huweza kuonyesha juu kuliko ukweli, kwa hiyo 94 isikupe usingizi. Kinachosema zaidi ni mwelekeo: jana 97, leo 94, ni safari ya hospitali. Chini ya 90 ni dharura, hata kama anaongea vizuri, kwa sababu korona huweza kushusha oksijeni bila mtu kuhisi kubanwa.

Akiwa na namba nzuri na ana nguvu, mwache atembee hatua 40 ndani ya nyumba kisha pima tena. Kushuka kwa 3 au zaidi ni onyo. Kama huna kipimo, hesabu pumzi kwa dakika nzima, bila kumwambia unahesabu, maana akijua atabadilisha. Mtu mzima akifika 30 akiwa amepumzika, usingoje kesho.

Mkifika hospitali, taja tarehe dalili ya kwanza ilipoanza, siyo tarehe aliyopimwa korona, na dawa zote alizokwishameza, pamoja na ile deksa ya dukani mnayoona aibu kuitaja.