Mkuu rekodi mara moja tu, Emacs itamalizia yenyewe

Mkuu umeuliza kama kuna namna ya kusafisha orodha ya majina mia tatu bila kugusa mstari mmoja mmoja. Ipo, mi naitumia kila siku hapa steshenari kwangu Mwanga, Kigoma. Natumia Emacs, programu ya kuandika na kuhariri maandishi, ya bure na ya zamani mno, GNU Emacs ilitoka 1985, na hii kazi ya makro, yaani kurekodi vitufe unavyobonyeza halafu inavirudia yenyewe, imo hadi kwenye jina lake (Editor MACroS).

Juzi akina mama wa dagaa wa Kibirizi wamenitumia orodha ya kikundi Watsapu, kila mstari uko hivi "7. mwajuma hamisi", namba mbele halafu herufi ndogo tupu. Nikaenda mwanzo wa mstari wa kwanza, F3 kuanza kurekodi, Alt na d kufuta namba, Ctrl na d mara mbili kufuta nukta na nafasi, Ctrl na n kushuka, Ctrl na a kurudi mwanzo wa mstari, F4 kufunga. Hapo kila ukibonyeza F4 mstari mmoja unasafishika, ukitaka yote kwa mkupuo bonyeza Ctrl na u, kisha 0, kisha F4, inakimbia mpaka mwisho wa faili ndo inasimama.

Sasa shika hili maana liliniunguza karatasi za mteja: mwanzoni nilikua nafuta namba kwa Ctrl na d mara tatu, 1 hadi 9 safi kabisa, kufika 10 nafasi ikabaki, kufika 100 nukta nayo ikabaki, na nilishaprinti. Alt na d inafuta neno zima, tarakimu ziwe ngapi haijali. Usirekodi kwa kuhesabu herufi, rekodi kwa neno na mstari.

Herufi kubwa sikurekodi kabisa, wengine wana majina mawili wengine matatu. Nilichagua yote kwa Ctrl x kisha h, nikabonyeza Alt x nikaandika capitalize-region, Enter, basi.

Na majina ya faili vilevile! Ctrl x kisha d unafungua folda, Ctrl x Ctrl q majina yote yanageuka maandishi ya kuhaririwa, unapitisha makro yako, Ctrl c Ctrl c faili zimebadilika majina kweli. Ukibonyeza F3 tena katikati ya kurekodi inaandika namba, inaanzia 0 inapanda yenyewe, picha za pasipoti za darasa zima nazipanga hivo.

Ukikosea Ctrl na / inarudisha, ila kwa faili fanya kabla ya Ctrl c Ctrl c. Tupia mistari mitatu ya orodha yako hapa, majina badilisha, nikuandikie makro yake.