Anti, kila mtu ananiambia nisiwaze

SWALI: Anti shikamoo. Mi ni mama wa watoto wawili, nina miaka 31, naishi Mwanga hapa Kigoma, nauza dagaa wakavu, nanunua mwaloni Kibirizi nasafirisha. Masika ya mwaka jana mzigo ulilowa njiani, gunia nane zote zikaharibika na hela ilikuwa ya kikoba. Deni nimeshalimaliza lakini toka siku ile sipo sawa. Nikikaribia mwaloni moyo unaenda mbio, mikono inatoka jasho, naona wote wananiangalia mimi niliyepoteza hela za watu, kwa hiyo siku hizi namtuma mdogo wangu mi nabaki ndani. Hospitali wamepima moyo, presha na damu wakasema viko sawa, daktari akaniambia nitafute mtu wa tiba ya mawazo na tabia. Mama anasema ni jini. Wengine wote wananiambia "usiwaze sana". Hiyo tiba ndo ya kufundishwa kutokuwaza au?

JIBU: Marahaba mdogo wangu, pole sana kwa mzigo. Na umefanya vizuri kupima mwili kwanza maana moyo kwenda mbio kuna wakati ni ugonjwa wa mwili kweli.

Hapana, siyo kufundishwa kutokuwaza. Mtu akikwambia usiwaze ndo unawaza mara mbili, hilo unalijua kuliko mimi. Tiba hii inafanya kinyume chake, inakutaka ulikamate wazo lenyewe uliangalie vizuri. Aliyeianzisha ni daktari mmoja wa Marekani, Aaron Beck, miaka ya 1960 kule Philadelphia, alikuwa anatibu watu wenye sonona akagundua kwamba katikati ya maongezi kuna mawazo mafupi yanawapita kichwani haraka sana, "mi sifai", "huyu ananiona mjinga", yanakuja yenyewe bila kuitwa na mtu anayaamini bila hata kuyauliza. Kabla yake kidogo, miaka ya 1950, Albert Ellis naye alikuwa New York anafundisha kitu kinachokaribiana, kwamba tukio peke yake halitoshi kukuumiza, kuna namna unavyolitafsiri.

Sasa tuchukue siku moja ya kwako. Unashuka Kibirizi asubuhi boti zimeingia, kuna wanawake watatu kwenye chanja wanacheka, unafika wananyamaza. Hilo ndo tukio, hakuna zaidi ya hapo. Kichwani linapita wazo "wananisema", moyo unaanza kupiga, jasho, halafu unageuka unarudi Mwanga. Ukifika ndani unapata nafuu eeh? Hiyo nafuu ndo inayokuumiza, maana mwili unajifunza kwamba umepona kwa sababu umekimbia, kwa hiyo kesho hofu inakuja kubwa zaidi na wewe hupati hata siku moja ya kujua kama wale kina mama walikuwa wanakusema au walikuwa wanaongelea bei.

Nikuulize kitu. Ukinunua gunia la dagaa unaangalia juu tu? Huangalii. Unazamisha mkono mpaka chini kabisa, unavuta, unanusa, unasikilizia kama kuna mchanga au dagaa wabichi wamefichwa humo. Basi mbona wazo la "mimi ni mzembe" umelinunua kwa kuangalia juu? Lizamishie mkono. Chukua kaunta buku ile unayoandikia madeni, ukurasa wa nyuma, andika tukio, andika wazo kwa maneno yale yale lilivyokuja, andika unaliamini kiasi gani kati ya 0 na 100, kisha ushahidi unaoliunga mkono na ushahidi unaolipinga. Kwenye kuunga mkono utaandika gunia nane zililowa, na ni kweli, usifiche. Kwenye kupinga utaandika mvua hukuileta wewe, na deni la kikoba umelipa lote. Mzembe analipa lote? Halafu uandike wazo jipya linaloendana na ushahidi wote, siyo la kujifariji kwamba kila kitu kitakuwa sawa, hilo hata mwenyewe hutaliamini. Kwa mfano "nilipata hasara kubwa, nimeilipa, safari ijayo nafunika mzigo na turubai mbili".

Lakini kuandika peke yake hakutoshi, mi naona hapa ndo wengi wanaishia. Sehemu ya tabia ni kwenda. Unaanza kidogo, labda siku ya kwanza unaishia barabarani juu unapoona boti, siku nyingine dakika kumi karibu na chanja, baadaye unanunua debe moja mwenyewe. Usimshike mdogo wako mkono na usijifanye uko bize na simu, maana ukipona utasema ni kwa sababu ya simu. Ukae pale mpaka moyo utulie wenyewe, hofu ikikosa pa kukimbilia huwa inashuka.

Halafu kuna zile siku za mwezi mkubwa, wavuvi hawaingii ziwani kwa sababu dagaa hawafuati taa kukiwa na mwanga, biashara inalala na we umekaa ndani kutwa. Najua mawazo yanajaa siku hizo. Zipangie kazi mapema kwa saa, kupiga hesabu, kushona magunia, kwenda kumuona mtu Ujiji, hata kama hujisikii, maana ukisubiri ujisikie ndo utoke hutatoka.

Kuhusu mama usigombane naye, anakupenda. Dua endelea nayo, haizuii haya mengine.

Anzia Maweni hospitali ya mkoa, ulizia huduma ya afya ya akili, waambie unataka mtu aliyesomea tiba hii. Mara nyingi ni kikao cha kama saa moja kwa wiki, vikao 12 mpaka 20 hivi, na kila wiki unapewa kazi ya kufanya nyumbani, wengine wanapewa na dawa pamoja. Ila ukianza kuwaza kufa au kujidhuru usisubiri kikao, nenda hospitali siku hiyo hiyo na umwambie mtu wa karibu.

Wakati unasubiri kupangiwa, chagua asubuhi moja wiki hii. Kabla hujatoka nyumbani andika unatabiri nini, kwa mfano "watu watano wataniuliza kuhusu mzigo uliolowa". Ukirudi andika waliouliza ni wangapi. Niandikie hizo namba mbili.