Grupu la kozi: kwa mhadhiri msaidizi anayeanza

Karibu kazini. Umepewa semina za takwimu za mwaka wa kwanza, na kabla hujakabidhiwa ufunguo wa ofisi, CR, yaani mwakilishi wa darasa, ameshakuingiza kwenye grupu la WhatsApp la darasa. Toka. Lile ni lao: humo wanaulizana boom (hela ya kujikimu ya mkopo) linaingia lini, wanakopeshana, na wewe mwenyewe unasemwa. Mwombe CR afungue jingine la kozi tu, muwe maadmini wawili.

Maksi, tarehe za test na maelekezo ya kazi viwekwe Moodle, mfumo wa masomo wa mtandaoni. Grupuni unataarifu tu kwamba vimewekwa. Maksi usizirushe grupuni hata kama zina namba za usajili bila majina. Wanafunzi wanajuana kwa namba, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi inatumika tangu Mei 2023. Handauti zipandishe kwenye chaneli ya Telegram, maana wapo watakaoripoti masomo yameshakolea: waliopata nafasi awamu za mwisho za udahili, na waliokuwa wanasubiri mkopo. Anayejiunga leo anaziona zote tangu ya kwanza.

Sasa grupu lenyewe. Kazi yako kubwa humo ni kunyamaza, na ndiyo inayowashinda wengi. Mwanafunzi anatuma picha ya kaunta buku lake. Data ni 4, 6, 8, 10, 12. Ametafuta mkengeuko sanifu wa sampuli, yaani kipimo cha namba zinavyotawanyika kuzunguka wastani, akapata 2.83, jibu la kitabu ni 3.16. Ukimjibu papo hapo umemsaidia yeye peke yake, na kesho watakutumia maswali yote ya zoezi. Subiri. Mmoja atasema kitabu kimekosea. Mwingine atamwambia abonyeze sx kwenye kikokotoo, inayogawa kwa 4, si σx, inayogawa kwa 5, na watu watashukuru na kutaka kuondoka. Halafu, ukiwa na bahati, atatokea mmoja aulize: namba ziko 5, kwa nini tunagawa kwa 4?

Hapo ingia. Waambie watoe wastani, 8, kwenye kila namba: wanapata -4, -2, 0, 2, 4. Waifute ya mwisho, kisha wajaribu kuikisia. Hakuna cha kukisia, kwa sababu jumla lazima iwe sifuri. Zilizo huru ni nne tu. Jumla ya vipeo vya pili vya tofauti hizo ni 40, gawa kwa 4 upate 10, na kipeuo chake ndicho 3.16. Swali hilo likija kwenye mtihani, utawajua waliokuwepo siku ile.

Andika, voisi punguza. Voisi ya dakika sita hakuna anayeirudia usiku wa kuamkia mtihani, tena haitafutiki. Video za YouTube nazo hula bando, kwa hiyo ukituma linki taja dakika inayohusika, kwa mfano kuanzia 12:40 hadi 15:00. Picha za hesabu watume kama dokumenti, la sivyo WhatsApp inazifinya na penseli haisomeki.

Swali la kozi likija inbox, hasa usiku, jibu lako ni moja: "Liulize grupuni." Mwenye aibu ampe CR aliulize kwa niaba yake. Rushwa ya ngono ina kifungu chake, cha 25, katika sheria ya TAKUKURU, taasisi ya kupambana na rushwa Tanzania, ya 2007, na minong'ono huanzia kwenye meseji ambazo hazikuwa na ubaya wowote. Utaratibu huu unamlinda mwanafunzi kwanza, na wewe pia.

Kazi ya darasa usiiweke X. Tangu Mei 2025 imefungiwa nchini, na huwezi kumlazimisha mtu atafute VPN ili apate maksi. Oktoba ya mwaka huohuo, siku ya uchaguzi mkuu, intaneti nzima ilizimwa. Kwa hiyo kila mada peleka nakala moja ya handauti kwenye steshenari ya jirani na hosteli, na umwachie mwenye duka jina la kozi na namba ya CR.