Sikio la mtoto likiuma usiku: kipi kinafaa nyumbani, kipi kisitiwe sikioni

Dada, umeuliza kama mtoto wa miaka 4, anayelia na sikio tangu magharibi, atiwe maji ya kitunguu thomu na mafuta ya nazi ya moto, kwa kuwa mko Faza, kisiwani Pate, na boti ya Amu (mji wa Lamu) ni ya asubuhi. Kitunguu thomu usimtie kabisa. Kikiwa kibichi huchoma ngozi, na ngozi ya ndani ya sikio ni nyembamba mno. Mafuta nayo yangoje kidogo.

Kwanza jua panapouma. Bonyeza taratibu kile kinyama kilicho mbele ya tundu, kisha vuta sikio kidogo. Akishtuka kwa uchungu, huenda ni tundu lenyewe limevimba, jambo la kawaida kwa watoto wanaoshinda baharini. Asiposhtuka, na alikuwa na mafua, basi yaelekea uchungu uko nyuma ya kiwambo, kile kingozi chembamba kilicho mwisho wa tundu. Mfereji unaotoka sikio la kati hadi nyuma ya pua, kwa mtoto ni mfupi na umelala, kwa hiyo mafua huuziba upesi, majimaji yakajaa na kusukuma kiwambo. Huko tone la mafuta halifiki.

Kinachotuliza usiku huo ni paracetamol na joto kavu la nje. Paracetamol ni miligramu 15 kwa kila kilo ya uzito. Mtoto wa kilo 16 anapata miligramu 240, yaani mililita 10 za ile dawa ya maji yenye miligramu 120 katika kila mililita 5. Soma chupa kwanza, kwani nguvu hutofautiana. Rudia baada ya saa 6, isizidi mara 4 kwa siku. Aspirini asipewe mtoto.

Joto: kaanga robo kilo ya chumvi ya mawe kwenye sufuria kavu, moto mdogo, ukikoroga mpaka iache kurukaruka, hapo unyevu umetoka. Itie kwenye soksi nene ya pamba, funga, kisha itikise vizuri, maana chumvi ya chini hubaki na moto kuliko ya juu na hapo ndipo watoto huungua. Ishike ndani ya kifundo cha mkono wako hadi uhesabu 30. Ukitamani kuitoa, bado ni moto. Mwekee juu ya sikio na nyuma yake dakika 10 hadi 15, ukiwa macho. Asilale nayo. Kitambaa chenye maji ya moto pia hutuliza, ila kikamue hasa, maji yasichuruzike ndani. Mlaze kichwa kikiwa juu kwa mito miwili, na umpe maji anywe kidogo kidogo, kwa sababu kumeza hufungua ule mfereji.

Mafuta ya nazi au ya zeituni, matone 2 yenye joto la mwili, yana kazi kwenye nta ngumu au mdudu aliyeingia akiwa hai. Yakiwa baridi au moto humtia mtoto kizunguzungu.

Sasa sikiliza hili kwa makini. Mtoto akinyamaza ghafla, na asubuhi mto una majimaji au usaha, kiwambo kimetoboka. Uchungu umepungua kwa kuwa msukumo umetoka. Ugonjwa bado upo. Mara nyingi kitundu hicho hujifunga chenyewe kwa wiki kadhaa, lakini tangu hapo kisiingie kitu: si mafuta, si siki, si maziwa ya mama, si kijiti cha pamba. Futa nje tu, na asiogelee.

Msingoje boti ya asubuhi, tafuteni ya kukodi, ikiwa nyuma ya sikio pamevimba na sikio limesukumwa mbele, shingo imekakamaa, uso umepinda, au ameingiza betri ndogo ya saa. Betri huunguza kwa saa chache, na tone lolote huzidisha. Yasipokuwepo hayo, nendeni na boti ya kawaida hospitali ya King Fahd, apimwe. Andika saa na mililita za kila dozi uliyompa, umwonyeshe daktari, asije akamrudishia paracetamol kabla ya wakati.