Kiti Huchukuliwa Mlangoni, Mapema

Mhariri, wiki hii mmetuuliza wasomaji: je, mgombea mpya asiye na fedha anaweza kumng'oa mwanasiasa aliyekalia kiti kwa miaka mingi? Jibu langu ni ndiyo. Nitaeleza kwa kisa cha jimbo la Minnesota, Marekani, ninakoishi tangu 2011, ingawa kisa chenyewe kina kamba inayofika hadi nyumbani kwetu Kisauni.

Wana Mombasa wa rika langu wanaikumbuka kambi ya Utange. Magazeti ya ng'ambo huandika Utango. Huko ndiko walikohifadhiwa Wasomali wengi waliokimbia vita vya 1991, na mmoja wao alikuwa mtoto wa kike aitwaye Ilhan Omar, aliyekaa pale miaka minne kabla familia yake haijapelekwa Marekani mwaka 1995. Leo anajulikana dunia nzima kwa mambo ya Washington, kwenye Bunge la Marekani, wapo wanaompenda na wapo wasiotaka hata kulisikia jina lake. Mimi nataka kuzungumzia kiti chake cha kwanza, kile kidogo, cha bunge la jimbo, eneo namba 60B jijini Minneapolis. Huko ndiko kwenye somo.

Mwaka 2016 kiti hicho kilikuwa cha Phyllis Kahn, mama wa miaka 79, msomi wa sayansi, aliyechaguliwa mara ya kwanza 1972 na kuingia bungeni Januari 1973. Miaka 44! Ghorofa ndefu za Riverside Plaza, mtaani Cedar-Riverside, ambazo sasa zimejaa familia za Kisomali, zilifunguliwa mwaka huohuo alioapishwa. Na hakuwa mbunge wa kusinzia. Sheria ya Minnesota ya 1975 iliyozuia uvutaji sigara ovyo katika sehemu za umma, ya kwanza ya aina yake kwa jimbo zima nchini humo, ilikuwa kazi yake. Nayasema haya kwa heshima kwa sababu nimechoka na desturi yetu ya kudhani kwamba ukitaka kumwondoa mtu lazima kwanza umchafue. Kahn alikuwa ameutumikia mtaa wake. Ila mtaa ulikuwa umebadilika chini ya miguu yake.

Sasa tupige hesabu, maana jibu la swali lenu limo humo. Baraza la Wawakilishi la Minnesota lina viti 134, kila kimoja cha watu takriban 40,000, na muhula ni miaka miwili tu. 60B ni ngome ya chama cha Democratic, ambacho kule huitwa DFL. Aliyepata tiketi ya DFL ameshapata kiti. Novemba ni kuthibitisha tu. Kwa hiyo vita vyote ni vya kura za mchujo, na mchujo hufanyika Agosti, watu wakiwa likizoni, wanafunzi wa chuo kikuu wametawanyika, na wengi hata hawajui kuna uchaguzi. Agosti 9, 2016 waliojitokeza kuchagua kati ya wagombea watatu wa DFL walikuwa karibu 5,900. Ilhan alipata 2,400 hivi, yaani asilimia 41. Mohamud Noor, Msomali mwenzake, na Mama Kahn walipata asilimia 29 na ushei kila mmoja, bila kuachana hata kura mia. Hakuna duru ya pili. Anayeongoza amepita.

Kura 2,400 katika eneo la watu 40,000! Ukumbi mmoja mkubwa wa harusi Mombasa haungewatosha, lakini uwanja wa mpira wa shule ungewameza wote. Hicho ndicho kipimo cha mlima ambao watu huuogopa.

Miaka miwili kabla, Noor alikuwa amejaribu peke yake dhidi ya Kahn akashindwa. Mwaka ule hali ilikuwa mbaya: mkutano wa mashina wa chama mtaani Cedar-Riverside, Februari 2014, ulivunjika kwa vurugu, na Ilhan, wakati huo msaidizi wa diwani, akajeruhiwa. Mtu mwingine angeacha siasa palepale. Yeye alirudi 2016 akiwa mgombea mwenyewe. Kwenye mkutano mkuu wa eneo hakuna aliyefikisha asilimia 60 zinazotakiwa ili chama kimuunge mkono, hivyo wote watatu wakaingia kwenye mchujo, na wajuzi wengi wakahofia kwamba Wasomali wawili watagawana kura za Wasomali, mama mkongwe apite katikati yao.

Haikuwa hivyo, na sababu yake ndiyo hoja yangu yote. Mwaka 2014 kura za mchujo wa 60B zilikuwa karibu 4,300. Mwaka 2016 zikafika karibu 5,900. Ongezeko la zaidi ya theluthi. Ukigombania wapiga kura walewale wa siku zote, mkongwe atakushinda, kwa sababu ndio waliomweka na anawajua kwa majina. Mgombea mpya hana budi kuleta watu ambao hawakuwamo kabisa kwenye hesabu ya mwenzake: wanafunzi, wapangaji waliohamia juzi, kina mama wa Kisomali ambao miaka yote waliletewa ujumbe na wazee wa ukoo badala ya kuulizwa wao wenyewe wanataka nini.

Na sheria za Minnesota zinamsaidia mwenye miguu kuliko mwenye mfuko. Ada ya kugombea kiti cha bunge la jimbo ni dola 100. Unaweza kujiandikisha na kupiga kura siku hiyohiyo, na usipokuwa na hati ya makazi, jirani aliyesajiliwa katika kituo chako anaweza kuapa kwamba anakujua unaishi pale. Mgombea ana haki kisheria ya kuingia kwenye majengo ya ghorofa yanayofungwa, yeye na wasaidizi wake, kubisha hodi mlango kwa mlango. Sheria hii ya mwisho husahaulika, lakini bila hiyo mtaa kama Cedar-Riverside haufanyiki kampeni. Utabaki chini ukitazama vioo.

Nayajua haya kwa miguu yangu. Kiangazi kimoja baadaye nilimsaidia mgombea mwingine, mpya, kwenye kitongoji kimoja cha hapa, jina lake na mahali nayaacha. Nilikuwa nikitoka zamu ya kulea wazee saa tisa mchana, nabadilisha viatu ndani ya gari, napewa karatasi ya majina na anwani. Mbu, joto, mbwa nyuma ya wavu. Mlangoni unapata labda dakika moja. Nilijifunza kwamba swali "utatupigia kura?" halina faida, kila mtu atakuitikia ili uondoke. Swali lenye faida ni "siku hiyo utakwenda saa ngapi, na utakwenda na nani?" Akikujibu kwa saa na jina la mtu, huyo weka alama. Mzee mmoja Mliberia aliniambia ameishi pale miaka 16 na mimi ndiye wa kwanza kubisha kwake kwa ajili ya uchaguzi. Nilisimama pale nikashindwa la kusema.

Tulishindwa. Tulianza Juni, tukiwa tumetumia fedha zetu chache kwa mabango ya bustanini, na mabango hayapigi kura. Tungeanza Januari na kuyaacha mabango, naamini matokeo yangekuwa mengine. Noor naye hakukata tamaa: Ilhan alipokwenda Washington baada ya uchaguzi wa 2018, kiti cha 60B alikipata yeye, mwaka huohuo.

Wasomaji wa Kenya huenda watanitajia Huldah Momanyi Hiltsley, mzaliwa wa kwetu aliyechaguliwa kwenye bunge hilihili la Minnesota Novemba 2024. Najivunia sana. Lakini yeye aligombea kiti ambacho aliyekikalia alikuwa anakiacha kwa hiari, na swali lenu ni la kumng'oa aliyekalia.

Je, haya yanafaa Kenya? Mchujo wa vyama vyetu nimeuona, na siwezi kuwadanganya: daftari la wanachama haliaminiki, na wakati mwingine tiketi hutolewa mezani bila kura kupigwa. Hilo ni tatizo la kweli. Hata hivyo wadi zetu 1,450 ni ndogo kiasi kwamba miguu ya mtu mmoja na marafiki zake inaweza kuzimaliza, na pale ambapo mchujo unafanyika, wanaojitokeza ni wachache kama kule.

Mpwa wangu wa Kisauni anataka kugombea uwakilishi wadi 2027. Mwezi uliopita alinipigia, "Shangazi, nisaidie fulana mia tano." Nikamuuliza mchujo uliopita wa wadi yake ulipigwa kura ngapi, na mshindi alipata ngapi. Hakujua. Nikamwambia fulana zingoje, akatafute kwanza nambari hizo mbili, kisha anunue daftari, aanze na mtaa wa mama yake, aandike kila mlango nani anaishi, ana kitambulisho au hana, amejiandikisha au bado. Alinuna kidogo. Jumapili alinitumia picha ya ukurasa wa kwanza: nyumba 19, watu 47, na 31 kati yao hawajajiandikisha kupiga kura.

Msomaji wenu, Minneapolis