Mdogo wa mwisho kiotani

SWALI: Shikamoo mama. Napenda ndege tangu nikiwa mtoto mdogo. Nyumbani walizoea kunikuta nimelala chali nikihesabu njiwa. Sasa nafuga kokateli, wale kasuku wadogo wenye kishungi, na jozi yangu imeangua makinda wanne. Mkubwa ana siku 14, wa mwisho ana siku 8 na ni mdogo mno. Mara nyingi nalikuta gole lake, ule mfuko wa chakula chini ya shingo, tupu. Rafiki yangu ananiambia niwatoe wote leo niwalishe kwa mkono, eti ndivyo kasuku anavyokuwa mpole. Moyo wangu unataka. Nifanyeje?

JIBU: Marahaba mwanangu. Usiwatoe wote. Huyo mdogo msaidie, lakini abaki kiotani.

Huo moyo unaotaka naujua. Nilipokuwa na miaka minane niliokota kinda wa njiwa, nikamlisha mkate uliolowekwa kwenye maziwa kwa sababu mtoto kwangu alikuwa ni wa kunywa maziwa. Siku ya tatu alikufa. Ndege hana tumbo la kuyavunja maziwa ya ng'ombe, na yale yanayoitwa maziwa ya njiwa ni kitu kingine kabisa: ute mzito unaotoka kwenye gole la mzazi, baba kwa mama. Mapenzi nilikuwa nayo tele. Maarifa ndiyo sikuwa nayo.

Sasa tuje kwako. Kokateli hutaga yai moja kila baada ya siku mbili hivi, na mara nyingi huanza kuatamia kabla mayai hayajatimia. Ndiyo maana makinda wako wamepishana umri. Mkubwa ananyanyua shingo juu na kulia kwa nguvu, mdogo anabaki chini ya miguu yao, na mzazi anajaza mdomo ulio karibu. Jaribu hili kwanza: watoe wale wakubwa wawili kwa dakika 20 hivi, wawekwe mahali pa joto, mdogo abaki na wazazi. Mara nyingi hapo hapo analishwa. Fanya hivyo mara kadhaa kwa siku.

Likishindikana, mpe mwenyewe mlo mmoja au miwili ya nyongeza kisha umrudishe. Mama na baba yake watampa joto usiku kucha, kazi ambayo wewe ungehitaji sanduku la joto la nyuzi 34 hivi, kipimajoto ndani yake, na usingizi wa kuamkaamka.

Kuhusu mlo wenyewe, nitakaa hapa kidogo kwa sababu hapa ndipo wengi tunapoua.

Tumia unga maalumu wa kulelea makinda wa kasuku. Koroga kwa maji ya moto yaliyopoa kiasi, usipashe kwenye maikrowevu. Uji ukiwa kwenye mdomo wa kinda uwe kati ya nyuzi 39 na 41. Chini ya hapo gole hulegea, chakula hulala humo na kuchacha. Juu ya nyuzi 43 unaunguza. Nasema hivi nikiwa na mfano wangu wa aibu. Kasuku wangu wa kwanza wa kulea nilimpashia uji kwenye maikrowevu, nikachovya kidole pembeni mwa kikombe, nikaona vuguvugu. Katikati ulikuwa unachoma. Hakulia, alikula vizuri tu. Siku ya tano nilimkuta manyoya machanga ya kifuani yamelowa, nikadhani amejimwagia maji. Nilipoyapangua niliona tundu dogo lenye kingo nyeusi, na uji niliomlisha dakika chache kabla ukivuja humo. Daktari wa ndege alimshona, akapona. Tangu siku hiyo kipimajoto kinaingia kwenye kikombe kila mlo, hata niwe na haraka gani.

Kiasi: sehemu moja ya kumi ya uzito wake. Kinda wa gramu 20 anapewa mililita 2, hazidi. Bomba dogo la sindano lisilo na sindano, au kijiko kilichokunjwa kingo, vyote vinafaa. Ingiza kutoka upande wake wa kushoto ukielekeza kulia, maana koo la chakula linapita kulia. Subiri aanze kutikisa kichwa juu chini. Hapo njia ya hewa imejifunga. Asipotikisa, usimsukumie. Uji ukiingia kwenye mapafu, hakuna cha kuokoa haraka. Na kinda aliyepoa usimlishe kabisa: mpashe joto kwanza, kwa sababu mwili wa baridi hausagi chakula.

Mpime kila asubuhi gole likiwa tupu, uandike gramu. Daftari litakuambia ukweli siku mbili kabla ya macho.

Kuhusu upole, rafiki yako hajakosea sana, ila njia yake ni ndefu bila sababu. Manyoya yakianza kuchomoza, chukua kila kinda mkononi dakika tano, mara mbili kwa siku, kisha mrudishe. Wazazi wakizoea mkono wako hawatasusa. Utapata ndege asiyekuogopa na ambaye pia anajua kuwa yeye ni kokateli. Mimi nimelea wa aina zote mbili, na hawa waliobaki kwa wazazi wao ndio wasionisumbua sana wakishakomaa.

SWALI: Nimeahidiwa kinda wa kasuku wa kijivu ambaye bado analishwa kwa bomba. Muuzaji anasema nikimalizia mwenyewe atanipenda zaidi. Ni kweli?

JIBU: Si kweli, na anayesema hivyo anakuachia wewe wiki ngumu kuliko zote. Kasuku wa kijivu huanza kujilisha kikamilifu akiwa na wiki 12 hadi 16, na ndege anayeachishwa kwa pupa hubaki akilialia kuomba chakula. Msubiri amalize. Atakuzoea vilevile, huyu ni ndege wa kuishi nawe miaka 40 au zaidi.

Tena omba karatasi zake. Tangu Januari 2017 spishi hii imo kwenye Kiambatisho cha Kwanza, orodha ya ulinzi mkali kabisa, cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea ya porini, na biashara ya kimataifa ya waliokamatwa porini imekatazwa. Tazama pia mguu: pete iliyofungwa duara kamili huvishwa kinda akiwa bado mchanga, haipiti tena kwenye mguu uliokomaa, kwa hiyo ni dalili kuwa hakukamatwa porini akiwa mkubwa. Pete yenye mwanya inaweza kuvishwa ndege yeyote, siku yoyote.